Sifa ya Meza ya Rauta

Miongoni mwa vifaa vya umeme vinavyopatikana katika karakana ya seremala, rauta ni kidogo kwa umbo lakini kina kazi nyingi kuliko vingi vinavyokizidi kwa ukubwa, kwa kuwa kwa asili yake ni mota tu iliyosimama wima juu ya kitako bapa, nayo ncha ya mota hiyo hushika biti, yaani kisu kizungukacho, ambacho kulingana na umbo lake huweza kuchimba mfuo, kuviringisha ukingo, kukata ngazi ya kupachikia kioo au kuchonga nakshi ya fremu. Kifaa hiki kilianza kutumika Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu kampuni ya Stanley ilipoinunua kampuni ya R. L. Carter ya jimbo la New York mwaka 1929, kimeenea hadi kwa mafundi wa karakana ndogo kabisa. Hata hivyo uwezo wake mwingi hubaki umelala mpaka fundi akigeuze juu chini, akifunge kwa skrubu chini ya meza na kuiacha biti itokeze katika tundu lililo kwenye uso wa meza hiyo, kwani kuanzia hapo chombo hutulia na ubao ndio unaosogea. Mageuzi hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoifanya meza ya rauta, na hasa ile ambayo fundi ameiunda mwenyewe, istahili sifa ambayo kwa kawaida hupewa samani zinazotokana nayo tu.

Rauta inaposhikwa mkononi hutegemea ukubwa wa ubao unaochongwa, kwa maana kitako chake, ambacho mara nyingi kina upana wa takriban milimita 150, hakina budi kupata mahali pa kukaa. Juu ya ubao mpana wa meza ya kulia chakula hakuna tabu. Lakini juu ya kipande cha fremu ya picha chenye upana wa milimita 20, kitako hicho huyumba, na yumbo la kufumba na kufumbua hutosha kuacha jeraha ambalo msasa hauwezi kuliondoa. Mezani hali ni kinyume chake: hata ufito mwembamba hupata sakafu pana ya kuteleza juu yake, na mikono ya fundi, iliyokwisha kupumzishwa kazi ya kubeba mota yenye kilo kadhaa, hubaki na jukumu moja la kuusukuma ubao kwa mwendo ulio sawa. Katika karakana kubwa kazi ya namna hii hufanywa na spindo, yaani mashine nzito ya chuma yenye mhimili unaotokeza mezani, lakini mashine hiyo huhitaji mtaji, nafasi na mara nyingi umeme wa njia tatu, mambo ambayo fundi wa Keko au wa Gikomba anayefanyia kazi chini ya paa la mabati hana kwa wingi. Meza ya rauta humpa sehemu kubwa ya kazi ya spindo kwa gharama ya plaiwudi, skrubu na subira.

Subira hiyo ndiyo kiini cha jambo. David Pye, fundi na mwalimu wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu asili na sanaa ya ufundi, alitofautisha ufundi wa hatari, ambamo ubora wa kazi huwa mashakani wakati wote na hutegemea uangalifu na wepesi wa mkono wa mtendaji, na ufundi wa uhakika, ambamo matokeo yamekwisha kuamuliwa kabla kazi haijaanza. Mara nyingi tofauti hiyo huchukuliwa kuwa ni mpaka kati ya kazi ya mikono na kiwanda, lakini meza iliyoundwa na fundi huonyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa katika karakana moja na hata katika mtu mmoja: kuitengeneza ni ufundi wa hatari kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuitumia ni kuvuna uhakika ambao fundi huyo aliupanda kwa mkono wake. Anayenunua meza iliyokamilika hupata mavuno bila kilimo, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini hakosi kukosa kitu, kwani meza inapoanza kukosea hajui kosa limejificha wapi.

Uso wa meza ndio wa kwanza kudai uangalifu, kwa sababu kila kosa lake hunakiliwa kwenye kila ubao utakaopita juu yake. Mafundi wengi hugandisha pamoja vipande viwili vya plaiwudi au vya MDF, yaani ubao ulioshindiliwa kutokana na nyuzi laini za mti na gundi, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 18, ili wapate uso wa milimita 36 usiopinda kwa uzito wa mota inayoning'inia. Juu yake hubandikwa fomaika, ambayo ni ngumu na yenye utelezi, na hapa ndipo penye siri ambayo haraka huificha: fomaika hubandikwa pande zote mbili, juu na chini, hata kama upande wa chini hautaonekana na mtu maisha yote ya meza. Ubao uliofunikwa upande mmoja hupokea unyevu wa hewa kwa upande mwingine, ukavimba huko peke yake na hatimaye ukajikunja, jambo ambalo katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa halichelewi kujitokeza. Rula ndefu ya chuma, ikisimamishwa kwa ubavu na kupitishwa kwenye uso huo kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari huku taa ikiwaka nyuma yake, hufichua bonde lolote kwa mwanga unaopenya chini yake.

Unene huo huo unaoipa meza uimara huzaa tatizo jipya, kwani rauta iliyofungwa chini ya milimita 36 za ubao haiwezi kuitoa biti juu kiasi cha kutosha. Ndiyo maana rauta haifungwi kwenye meza yenyewe bali kwenye bamba, yaani kipande chembamba cha alumini au plastiki ngumu chenye unene wa milimita 6 hadi 10, ambacho huzamishwa katika shimo la meza na kukaa juu ya ngazi iliyochongwa kulizunguka shimo hilo. Kitako cha plastiki cha rauta hufunguliwa na kutumiwa kama kigezo cha kutobolea bamba, ili matundu ya skrubu yalingane na yale yaliyotobolewa kiwandani, na vichwa vya skrubu hizo huzamishwa visije vikakwaruza ubao. Kisha hufuata kazi ambayo pengine ni nzuri kuliko zote katika ujenzi huu: fundi hulizungushia bamba vipande vinne vya ubao vinavyoligusa bila kulibana, huviambatisha mezani, huliondoa bamba, na ndani ya fremu hiyo huipitisha rauta yenyewe, ikiwa na biti iliyofungwa beringi, ambayo hutembea juu ya vipande hivyo huku kisu kilicho chini yake kikichimba umbo lile lile. Rauta hujichongea makao yake, tena kwa usahihi ambao penseli na rula havingeufikia. Skrubu ndogo katika pembe za ngazi hulipandisha au kulishusha bamba mpaka kidole kinachopita kwenye kiungo kisihisi mpaka wowote.

Jambo ambalo halina msamaha ni mwelekeo wa mzunguko. Rauta iliyo mkononi, ikitazamwa kutoka juu, huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ikigeuzwa chini ya meza, anayeitazama kutoka juu huiona ikizunguka kinyume chake, na kwa hiyo desturi ambayo mkono umeizoea hugeuka pia. Fundi anayesimama mbele ya meza huusukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, akikutana na makali yanayokuja upande wake, na ukinzani anaousikia ndio usalama wake, kwa kuwa makali hayo huusukuma ubao uegemee mahali pake. Akiusukuma kutoka kushoto, makali huukamata na kuuvuta kwa kasi ambayo mkono haudhibiti, na mkono wenyewe huweza kufuata. Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, ubao haupitishwi hata mara moja katika nafasi iliyo kati ya biti na kiegemezo, kwani hapo hubanwa pande mbili na kurushwa kama mshale.

Kasi nayo ina hesabu yake. Rauta nyingi huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika, lakini kinachokata si mzunguko wa mota bali mwendo wa ukingo wa biti, ambao huongezeka kadiri biti inavyopanuka. Biti ya milimita 12 inayozunguka mara 24,000 kwa dakika hukata kwa mwendo wa mita 15 hivi kwa sekunde. Biti ya milimita 75, ambayo kwa ukubwa wake hufaa kutumika mezani tu, kwa mzunguko huo huo ingefikia mita 94 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa, na hakuna fundi mwenye busara anayeiruhusu, bali hupunguza mzunguko hadi karibu na 10,000. Shina la biti lazima lilingane kabisa na koleti, yaani kishikio kinacholibana, kwani shina la milimita 6 katika koleti ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, huonekana limekaa ilhali halijashikwa.

Kiegemezo kilichotajwa hapo juu ni ubao mnyoofu unaosimama nyuma ya biti ili kuuongoza ubao unaochongwa, na ndicho sehemu ambayo akili ya ufundi huonekana kwa uwazi zaidi. Aliyezoea msumeno wa mezani huja na imani kwamba kiegemezo lazima kiwe sambamba na ukingo wa meza, na huweza kupoteza fedha nyingi akitafuta reli za kukilinganisha, ilhali biti ni duara, na duara halina upande wa kulinganishwa nao; kinachoamua mkato ni umbali kutoka katikati ya biti hadi kwenye kiegemezo, kwa pembe yoyote ambayo kiegemezo kitakaa. Kwa hiyo ncha yake moja yaweza kufungwa kwa bolti moja ili izunguke, na ncha ya pili ikaachwa huru na kubanwa kwa klempu. Mpango huu, ambao kwa mgeni hufanana na njia ya mkato ya maskini, kwa hakika hushinda reli nyingi za bei, maana biti ikiwa katikati ya urefu wa kiegemezo, ncha huru ikisogezwa milimita moja, umbali kwenye biti hubadilika kwa nusu milimita tu. Fundi anayetaka kupunguza kiasi kidogo sana huweka karatasi ya kawaida, yenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kati ya ncha huru na kizuizi kilichobanwa mezani, na kwenye biti hupata nusu ya unene huo. Bolti moja na karatasi moja humpa usahihi unaotafutwa kwa vipimo vya kisasa, na furaha ya jambo hili haizeeki kwa anayelielewa.

Kinachobaki chini ya meza hudai ubunifu wa namna nyingine. Rauta yenye chemchemi, iliyoundwa ili mota ijiinue kutoka kwenye ubao, ikigeuzwa hujisukuma kwenda chini, uzito wake ukisaidiana na chemchemi hizo, na kuipandisha kwa mkono huwa mapambano. Mafundi wengi huzitoa chemchemi pale ambapo muundo wa mashine unaruhusu, kisha huweka chini ya mota jeki ndogo ya gari, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo huipandisha kwa kiasi kidogo kidogo. Swichi ya rauta, ambayo sasa imefichika, huachwa imewashwa, na umeme hupitishwa katika swichi nyingine iliyo mbele ya meza karibu na goti. Inafaa swichi hiyo iwe ya aina inayoshikiliwa na sumaku ya umeme, kwa sababu umeme ukikatika huachia, na ukirudi haiwaki mpaka ibonyezwe tena. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, fundi aliyeinama kubadilisha biti hawezi kuiona swichi hiyo kuwa ya anasa. Nyuma ya kiegemezo hutobolewa njia ya kufyonzea vumbi, kwani tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule, kwa mfano, huwasha ngozi na kifua hata kabla ya hofu hiyo.

Meza hii ina mipaka, na kuitaja hakuipunguzii heshima. Mlango mzima hauwezi kubebwa na kupitishwa juu yake, na maua yanayofuata mkono wa mchongaji kwenye milango ya Zanzibar na Lamu yako mbali na uwezo wake, kwa kuwa yenyewe hurudia umbo lililokwisha kuamuliwa. Tena biti, kwa kuwa ni duara, haiwezi kuacha pembe kali ndani ya shimo: shimo la kupokea ulimi wa ubao mwingine hutoka na ncha zilizoviringika kwa kipimo cha nusu ya upana wa biti, na hapo fundi huamua ama kuzinyoosha pembe za shimo kwa patasi ama kuuviringisha ulimi wenyewe kwa tupa. Kwa mninga, ambao nyuzi zake hukatika kwa utulivu, wengi hushika patasi. Kwa mvule, ambao mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyofuta makali kwa pigo moja, tupa huwa salama zaidi.