Legioni Inavuka, Akida Anaamuru

Neno geni likisimama peke yake, yeyote anaweza kulitamka akaonekana analijua. Litie katika sentensi ya Kiswahili, na kiambishi cha kitenzi kitamuuliza mwandishi: hiki ni kitu au ni mtu? Ni mmoja au ni wengi?

Tazama maneno ya jeshi la Warumi. Legioni ilikuwa na askari wapatao 5,000. Senturia ilikuwa kikosi chake kidogo, watu 80 hivi. Senturioni ndiye aliyekiongoza. Anayeandika “senturia alitoa amri” amekipa kikosi kinywa cha mkuu wake. Sahihi ni “senturioni alitoa amri, senturia ikasonga mbele.” A- na i- zimemaliza maelezo.

Watafsiri wa Biblia ya Union ya 1952 walimwita senturioni akida. Chaguo hilo nalistahi. Akida alikuwa mkuu wa askari pwani; baadaye Wajerumani wakampa jina hilo mtawala wa eneo, aliye juu ya majumbe na chini ya mkuu wa Kijerumani. Hiyo ndiyo hali ya akida wa Luka 7: anaamuru, naye anaamriwa. Neno linabeba ngazi zote mbili.

Ila katika Marko 5, pale mwenye pepo anapoulizwa jina lake, wameacha “Legioni” na ugeni wake, ilhali katika Mathayo 26 neno hilohilo la Kigiriki wamelifanya majeshi. Umbo la sentensi hiyo ya Marko linaniridhisha kwamba hawakukosea. Msemaji anataja jina lake kwa umoja, kisha papo hapo anajihesabu kwa wingi. Asiyewahi kusikia habari za Roma anaambiwa maana kabla sentensi haijaisha, na kule kuhama kwa nafsi ndiko kunakomtisha.

Uangalifu huu una kazi hata Lanet, kando ya Nakuru, ambako makadeti wa Kenya hufunzwa uofisa. Kambini hapo, Januari 1964, yalizuka maasi katika Batalioni ya 11. Ukiandika “Batalioni ya 11 iliasi,” umewatia hatiani wote kwa i- moja. Andika “baadhi ya askari wa Batalioni ya 11 waliasi,” na yule ambaye hakuasi amepata haki yake. Kwa hiyo namsihi mwandishi: kabla ya kuazima neno la jeshi, hesabu watu waliomo ndani yake.