Iendeshe Mara ya Pili: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi ya Kusimamia Seva za Mbali

Fundi akikukabidhi kazi ya kusimamia seva kwa Ansible, programu ya kuendesha seva nyingi kwa mbali, usianze kwa kusoma faili zake. Mwambie aziendeshe mbele yako, na zikimaliza aziendeshe tena papo hapo. Mara ya kwanza skrini itajaa njano: programu zinawekwa, mipangilio inabadilishwa, huduma zinawashwa. Wewe subiri mara ya pili. Chini kabisa, kila seva ina mstari wake wa hesabu, na humo kuna neno changed. Likisoma sifuri kwa seva zote, umepata mtu anayeijua kazi. Likisoma 9, kuna mambo tisa ambayo faili hizo huyagusa upya kila zinapopita, na fundi anadaiwa maelezo.

Sifuri hiyo ina maana kubwa. Mwambie mtoto "mimina ndoo tatu mtungini," naye atamimina hata kama mtungi ulishajaa tangu asubuhi, na sakafu italoa. Mwambie "hakikisha mtungi umejaa," atachungulia kwanza. Skripti za kulipua humimina. Kazi ya otomatiki iliyotulia huchungulia. Wazo hili limekuwapo tangu CFEngine, programu ambayo Mark Burgess aliianzisha Oslo mwaka 1993. Michael DeHaan alipotoa Ansible mwaka 2012, alilifanya jepesi: huhitaji kusimika kitu cha ziada kwenye seva unayoisimamia, kwa kawaida inatosha iwe na Python na SSH, ule mlango salama wa kuingilia seva ukiwa mbali. Ila Ansible haimlazimishi mtu kuchungulia. Ina moduli iitwayo shell, ambayo hupitisha amri yoyote ile kama ilivyo, na fundi mwenye haraka huishi humo. Nikifungua faili nikakuta shell imejipanga ukurasa mzima, moyo hunishuka.

Niliwahi kuikagua seva moja ya namna hiyo. Aliyeiandaa alitaka kuzuia watu wasiingie kwa nywila, waingie kwa funguo za SSH tu. Alitumia shell kubandika PasswordAuthentication no mwishoni mwa faili la mipangilio, sshd_config. Kila kazi iliporudiwa, mstari ukaongezeka. Nilihesabu mistari 14, imepangana mmoja chini ya mwingine, yote sahihi kwa tahajia. Juu yake, karibu na mwanzo wa faili, ulikuwapo mstari wa zamani uliosema yes. Na SSH, ikikuta mpangilio umetajwa zaidi ya mara moja, huchukua ule wa kwanza. Miezi yote hiyo mlango ulikuwa wazi, na mwenye seva alilala akiamini umefungwa mara 14. Moduli ya lineinfile, ikielekezwa vizuri, ingeutafuta ule mstari wa yes na kuubadilisha pale pale ulipo. Tangu siku hiyo siulizi kama mstari umeandikwa. Naomba seva yenyewe iniambie inachokifuata, kwa amri ya sshd -T.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kampuni nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hukodi seva zilizoko Ulaya, au Cape Town ambako Amazon walifungua vituo vyao mwaka 2020. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota vibaya. Mfikirie aliyekuwa katikati ya kurekebisha seva 20: saba zimekamilika, mbili zimeachwa njiani, zilizobaki hazijaguswa. Mwenye kazi safi husubiri mtandao urudi, kisha huendesha upya toka juu. Zilizokwisha zinapitwa, zilizobaki zinamaliziwa. Mwenye kazi ya kulipua anaanza kuingia seva moja moja kwa mkono, akijaribu kukumbuka alipoishia.

Kuhusu mlango wenyewe, sitakaa sana. Tatu Ylönen aliiandika SSH huko Ufini mwaka 1995, baada ya mtu kunasa nywila katika mtandao wa chuo chake, na hadi leo uzuri wake unategemea adabu ya mtumiaji. Kila mtu awe na ufunguo wake, akiacha kazi uondolewe huo mmoja tu. Ufunguo wa siri ukisafiri kwa WhatsApp, uhesabu umepotea. Kisha fungua ansible.cfg utafute host_key_checking. Ikiwa imewekwa False, fundi amechoka kuulizwa kama seva anayoongea nayo ndiyo yenyewe, akaamua asiulizwe tena kabisa. Mimi kazi hiyo huirudisha. Tafuta pia nywila za kanzidata. Zikisomeka kwa macho ndani ya faili, kosa limeshatendeka, na kuzifuta leo hakusaidii kwa kuwa Git hutunza historia, inabidi zibadilishwe. Palipotumika Ansible Vault, faili huanza na $ANSIBLE_VAULT na kinachofuata ni tarakimu zisizosomeka.

Halafu angalia mwendo. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa Amazon alikusudia kuondoa seva chache za S3, mfumo wao wa kuhifadhi data, huko Virginia. Amri ikaandikwa vibaya, zikaondoka nyingi kuliko alivyotaka, na tovuti nyingi zilizoutegemea mfumo huo zikayumba kwa saa kadhaa. Baadaye Amazon waliirekebisha zana yao iondoe seva polepole na ikatae kushuka chini ya kiwango cha usalama. Fundi makini huweka breki hiyo kabla ya ajali. Katika Ansible breki inaitwa serial: anza na seva moja, ikitulia nenda tano, kisha zilizobaki. Nisipoiona kwenye kazi inayogusa seva zinazohudumia wateja, sijali faili zimepangwa vizuri kiasi gani.

Lipo jaribio moja la mwisho, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kodi seva mpya, tupu, kwa saa moja. Gharama yake ni ndogo. Mpe faili hizo mtu mwingine wa timu, siyo aliyeziandika, na aliyeziandika asiwepo chumbani. Seva ikisimama na kuhudumia bila mtu kupiga simu kuuliza "hapa ulifanyaje," na ukiendesha mara ya pili ukapata sifuri, mlipe fundi chake chote na umshike asiondoke. Simu ikipigwa, andika kila swali lililoulizwa, umrudishie pamoja na kazi yake.