Kuuchimba Uso kwa Mwanga

Mtindo wa picha kavu za uso, zile zenye vinyweleo wazi, makunyanzi yaliyokolea na rangi iliyokamuliwa hadi ikabaki ya udongo na moshi, siku hizi unapatikana kwa kubonyeza simu mara moja. Mtu huchagua kichujio, akasubiri kidogo, babu yake akatokea kama aliyevuka jangwa. Fundi ninayetaka kumsifu hapa hupita njia ndefu zaidi. Yuko Garsen, katika bonde la chini la Mto Tana, mahali pa kukutania wasafiri wa Malindi, Hola na Lamu. Mchana hupiga picha za pasipoti, za wanafunzi na za harusi. Usiku, joto likipungua, hufungua uso mmoja kwenye kompyuta na kukaa nao.

Kazi yenyewe huanzia barazani. Jua la saa sita huko ni kali mno. Humpiga mtu utosini na kumwachia mashimo meusi mahali pa macho. Kwa hiyo fundi humketisha mgeni wake ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje, hatua moja tu kutoka mpaka wa jua. Anga lote huwa taa yake, na uwanja mkavu ulio mbele hurudisha mwanga chini ya kidevu. Flashi haigusi. Mpiga picha Richard Avedon alifanya karibu hivyo alipozunguka magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984, akiwapiga wachimba makaa, wafanyakazi wa visima vya mafuta na watu wa kutangatanga, wote kivulini, mbele ya karatasi nyeupe, kwa kamera kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10. Picha zile zinakwaruza jicho mpaka leo, na mwanga wake ulikuwa mpole.

Yanayofuata ndiyo yanayonishika zaidi. Kwenye ngozi nyeupe, vivuli ndivyo vinavyouchora uso: mkunjo ukitiwa giza, umbo linajitokeza. Kwenye ngozi nyeusi, mng'ao ndio wenye kazi hiyo. Paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua na ukingo wa mdomo wa chini hushika anga na kulirudisha, na jicho husoma umbo kutoka hapo. Anayetia giza kwenye mikunjo ya mzee wa Tana kwa kanuni ya nyuso za Ulaya huupoteza uso wenyewe. Anabaki na doa jeusi lenye macho. Tatizo hili ni la zamani. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na watu weusi wakatoka vivyo hivyo walivyotoka.

Basi fundi huyu hufanya kinyume. Juu ya picha huweka tabaka la kijivu cha wastani, lisiloonekana mpaka liguswe. Halafu huchukua brashi iliyopunguzwa nguvu hadi asilimia 3 au 4 na kuanza kupitisha nyeupe kwenye kila mgongo wa mkunjo, akiliacha bonde la mkunjo kama lilivyo. Mpito mmoja hauonekani. Baada ya mipito mingi, paji lililokuwa sahani moja ya kahawia linaanza kuwa na matuta. Weusi huutumia kwa uchoyo: chini ya taya, nyuma ya sikio, kwenye pembe ya jicho. Kila baada ya muda huipunguza picha hadi ukubwa wa stempu. Alama ya brashi ikionekana katika udogo huo, anafuta na kurudi nyuma. Kile kitelezi kinachokaza mipaka yote ya picha kwa mkupuo mmoja hukisogeza kidogo sana, kwani kikizidi kinaacha utepe mweupe kuzunguka kichwa, na huo ukishauona huwezi tena kuona kingine. Andrzej Dragan, mwanafizikia wa Polandi ambaye jina lake lilikuja kubandikwa mtindo huu mzima, alisifiwa kwa picha ambazo kila tundu la ngozi linaonekana. Wengi walichukua matundu wakaiacha subira.

Rangi ina mtego wake. Ukiikamua kila mahali sawasawa, ngozi nyeusi inageuka majivu, na mama yeyote wa Garsen akiiona atauliza kwa nini mtu huyu amepauka hivi, hana mafuta ya kupaka? Fundi hupunguza kijani na buluu za nyuma, hupunguza rangi ya shati, lakini wekundu ulio ndani ya kahawia ya ngozi hauondoi. Katika picha ya mzee mmoja wa Kiorma aliyekuja mjini kwa shughuli za mifugo, ndevu zilizotiwa hina ziliachwa ziwake peke yake.

Mzee yule alirudi kuiona. Aliitazama kwenye skrini kwa muda, akaweka kidole karibu na shavu.

"Mwanangu, kovu hili nililipata kwa mwiba. Hapa umelifanya la mkuki."

"Samahani, mzee. Nalirudisha."

Na akalirudisha, pale pale, akifuta kazi ya usiku mzima kwa sababu ya nafasi isiyozidi upana wa ukucha. Kwa wanaolijua eneo hili, sentensi ya mzee ina uzito. Mwaka 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, na kwa miezi kadhaa nyuso za wakulima na wafugaji wa huku zilisafiri dunia nzima kama nyuso za vita. Mtindo wa picha kavu unaelemea huko huko. Humpa kila mzee hasira na kila kijana msiba. Ndiyo maana napenda jinsi fundi anavyoyaacha macho: hupandisha kidogo nuru iliyo kwenye mboni, kisha brashi haikaribii tena. Mzee aliyetoka kucheka na jirani yake barazani anabaki na kicheko hicho katikati ya ngozi iliyochongwa.

Pwani hii haikungoja kompyuta ili ianze kuzichezea sura. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alijifunza mwenyewe upigaji picha, na katika Bakor Studio alikuwa akiunganisha vipande vya picha mbalimbali hadi mteja wake akatokea mahali ambapo hajapata kukaa. Katika zama zetu, mpiga picha Mkenya Osborne Macharia, aliyesomea usanifu majengo, hubuni kwanza hadithi, mavazi na mahali pa wahusika wake, ndipo apige na kuhariri. Fundi wa Garsen hana bajeti ya mavazi. Watu huja kwake na nguo walizovaa, na yeye huanzia hapo.

Picha zake kubwa huchapishwa mbali na Garsen, na kabla ya kuzituma hutangulia na karatasi ndogo za majaribio, kwa kuwa weusi uliokuwa na hatua kumi kwenye skrini unaweza kuangukia hatua mbili kwenye wino. Sasa amegeukia kina mama wa Kipokomo wanaouza maembe, na leso zao zimemvurugia utaratibu wote. Manjano na nyekundu ya leso haikamuliki bila mama mwenyewe kupotea, na ukiiacha, hupaka rangi yake kwenye kidevu na shingo. Majaribio ya karibuni yanaanza na leso: anaipa tabaka lake, anaitengeneza mpaka imkubali, halafu ndipo anapanda taratibu kuelekea usoni. Picha ya kwanza ya namna hiyo bado ina kijani kidogo chini ya sikio la kushoto, naye anaishughulikia.