Wasia wa Kaizari na Kifo cha Mshairi

Wasomaji wengi wa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Julius Nyerere na kutoka mara ya kwanza mwaka 1963, huikumbuka zaidi hotuba ya Antony mbele ya maiti. Hawakosei: maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Antony hamwamuru mtu kuchoma nyumba. Huwasifu wauaji mpaka sifa igeuke tusi, huonyesha majeraha, kisha huusoma wasia: kila raia wa Roma atapata drakma 75, na bustani za marehemu zitakuwa za umma.

Lakini uzito wa tamthilia umo katika maonyesho mawili yanayofuata. Katika la kwanza, kundi lililotoka uwanjani linamkamata Cinna, mshairi aliyeshirikiana jina na mmoja wa wauaji. Anajitetea kuwa yeye ni mtunga mashairi tu. Hukumu haibadiliki, hubadilika sababu: sasa atauawa kwa ubaya wa mashairi yake. Katika la pili, Antony na wenzake wawili wamejifungia chumbani, wanatia alama majina ya watakaouawa, ndugu wa mmoja kwa mpwa wa mwingine. Kisha anaagiza wasia uletwe, itafutwe njia ya kuyapunguza yaliyoahidiwa. Ahadi ni deni, ila wadai hawamo chumbani. Umma uliitwa kushangilia, haukuitwa kuamua.

Hata hivyo Brutus hasalimiki na lawama. Aliua kwanza, akaueleza umma baadaye, kisha akaondoka na kumwachia Antony jukwaa. Watetezi wa sheria wanaoudharau umma humwandalia mwenye ulimi mtamu hadhira yake.

Haya si ya Roma peke yake. Nchini Peru, Alberto Fujimori, aliyechaguliwa mwaka 1990, alilifunga Bunge tarehe 5 Aprili 1992 akisaidiwa na jeshi. Wananchi wengi walimuunga mkono, kwani walikwisha kuvichoka vyama vya zamani. Mwezi Julai mwaka huo huo, kikosi cha jeshi kiliwachukua wanafunzi tisa na mwalimu mmoja kutoka chuo kikuu cha La Cantuta, kikawaua. Fujimori alihukumiwa mwaka 2009 kifungo cha miaka 25, hatia hiyo ikiwamo.

Msomaji anayekifunga kitabu baada ya hotuba ameisikia kama walivyoisikia Warumi. Afungue ukurasa unaofuata, amsikilize Cinna.