Neno Fupi na Herufi Yake ya Kwanza

Mchezo wa kutafuta neno fupi kwa herufi ya kwanza waonekana mwepesi, kumbe ndani yake mna swali zito: herufi hiyo ni mali ya nani? Katika K mchezaji wa Kiwengwa hapati taabu. Akitakiwa mahali, kijiji chake kimo, na Unguja hiyo hiyo ina Kizimkazi, Kidoti, Kitope na Kinyasini. Akitakiwa kitu, kiambishi ki- humletea kiti, kisu na kitu chenyewe. Utajiri huu ni wa ngeli zaidi kuliko wa msamiati, na mwamuzi amhesabiaye mchezaji sifa kwa ajili yake amedanganyika.

Kamusi nazo hazikupatana. Ile ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyaweka majina mengi yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi hicho. Mchezo hutafutwa penye cheza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliupeleka katika M. Kwa mwanafunzi mwenye haraka njia ya pili ni nyepesi. Kwa atakaye kujua ukoo wa maneno, ile ya kwanza ina faida isiyofaa kudharauliwa.

Lakini mgogoro hasa umo katika P. Wanawake wa pwani ile ya mashariki huteremka kwenye mashamba ya mwani maji yakipwa. Neno hilo wanalijua kwa nyayo zao. Je, pwa ikubaliwe? Kamusi zasema ndiyo. Kinywa chakataa: maji yanakupwa, yamekupwa, na hata ku- inapodondoka, kama katika yakipwa, viambishi vingine hubaki mbele ya shina. Hakuna aitamkaye pwa peke yake. Ndivyo zilivyo fa, nywa na la. Mtoto huamrishwa, "Kula!" Akiambiwa "La!" amekatazwa. La ya kukataa, iliyotoka Kiarabu, ni neno kamili; la ya chakula ni shina tu, lililoandikwa hivyo ili mpangaji wa kamusi apate pa kuliweka. Oa, oga na ota husimama zenyewe katika amri, basi zina haki ya kuingia mchezoni.

Mwamuzi na asikilize kabla ya kufunua kitabu. Kwa kipimo hicho pwa huanguka, ila mchezaji wa Kiwengwa hakosi jibu: paa lipo, pua ipo, na pwani, mtoto wa pwa mwenyewe, hupita bila kupingwa.