Tazameni Nukta: Mizani ya Kupimia Kazi ya Furushi katika Prolog

Sifa ikitolewa pasipo mizani humdhulumu asifiwaye na humvunja moyo afanyaye vizuri, na dhuluma ya namna hii imeenea siku hizi katika fani ya Prolog kiasi cha kunilazimisha kushika kalamu. Nimeona hivi karibuni programu ya mistari michache, iliyokusudiwa kuandika mafaili kadhaa ndani ya furushi la zip, ikisifiwa na watu wenye akili zao kwa ufupi wake, kwa uteuzi wa majina yake, na hata kwa mpangilio wa mabano yake. Na katika sifa zote hizo hakuna hata mmoja aliyeuliza kama furushi lenyewe lilifungwa. Halikufungwa. Madhali wasifu hawakuona, na madhali mwandishi alizipokea pongezi bila haya, naona ni wajibu wetu sisi tuliozeeka katika kazi hii kueleza ni kwa vipimo gani hupimwa, ili anayetaka kusifu asifu kwa haki, na anayetaka kulaumu asilaumu kwa husuda.

Kipimo cha kwanza ni kukijua chombo. SWI-Prolog, ambayo Jan Wielemaker aliianza mjini Amsterdam mwaka 1987, inayo maktaba ya archive, na maktaba hiyo imesimama juu ya libarchive, kazi ya Tim Kientzle aliyeiandikia FreeBSD. Kwa njia hiyo Prolog husoma tar, zip, cpio, 7zip na hata iso9660, na huvua mbano wa gzip, bzip2 na xz bila kuambiwa. Fundi hutambulikana hapa mapema, kwa sababu yeye hutenganisha muundo na mbano: tar ni namna mafaili yanavyopangwa, gzip ni namna baiti zinavyobanwa, na kila moja lina chaguo lake. Katika kusoma huiacha maktaba itambue yenyewe. Katika kuandika hutaja yote mawili waziwazi, hata pale ambapo kutaja si lazima. Ajua pia kwamba faili la gzip lisilo na tar ndani yake halifunguki mpaka liombwe kwa muundo wa raw, na kwamba hapo hutokea faili moja tu la ndani, jina lake data. Mwanagenzi akiliona jina hilo hudhani amekosea, fundi hulingoja.

Ama yule aitaye tar kwa shell/1 na kujisifu kwamba amefungua furushi kwa Prolog, huyo hana tofauti na mtu aliyemtuma jirani sokoni kisha akajiita mpishi. Kazi yake siihukumu, kwa kuwa hakuna kazi.

Kipimo cha pili ni kuujua mwendo. Prolog ni lugha ya kurudi nyuma, na furushi ni kitu cha kwenda mbele. Ustadi wote wa kusoma umo katika kuzipatanisha tabia hizi mbili. archive_next_header/2 husogea mbele tu, na ikipewa jina maalumu husogea mpaka ilifikie jina hilo, au hufika mwisho wa furushi na kushindwa kimya kimya. Aombaye faili la tano kisha akataka la pili hatalipata, kwa maana la pili limekwisha kupita, wala kurudi nyuma kwa Prolog hakuwezi kuurudisha mkondo. Fadhaa ya mwanagenzi hapa ni kubwa, huapa kwamba faili limepotea. Walakini fundi hupita furushi mara moja tu kwa archive_foldl/4, akichukua kila anachokihitaji njiani. Kadhalika, mkondo uliofunguliwa kwa archive_open_entry/2 sharti ufungwe kabla ya kichwa kinachofuata kuombwa, na asiyefanya hivyo hukemewa kwa hitilafu ya ruhusa. Hayo yote yameandikwa katika maelezo ya maktaba, kwa hiyo sitayarefusha.

Nitalirefusha lile ambalo mwanagenzi hulikosa daima, na ambalo wale wasifu niliowataja hawakulitupia jicho.

Zip huandika fahirisi yake mwisho. Kila faili la ndani hutanguliwa na kichwa chake kidogo, kisha hufuata baiti zake zilizobanwa. Lakini orodha ya yote, pamoja na ile rekodi ya tamati ambayo msomaji huitafuta kwanza kutoka mkiani, na ambayo kwa uchache ni baiti 22, haiandikwi mpaka furushi lifungwe. Furushi lisilofungwa laweza kubeba data safi isiyo na dosari hata moja, na unzip ikalikana kana kwamba ni takataka. Kwa kuogopa fedheha hiyo kila aliyefundishwa hutumia setup_call_cleanup/3, afungue katika hoja ya kwanza, afanye kazi katika ya pili, afunge katika ya tatu. Na watu wakiona neno hilo katika programu hutikisa vichwa kwa kuridhika, wakidhani amana imekwisha kuwekwa mahali salama. Haijawekwa. Hoja ya tatu haiitwi kwa sababu tu ya pili imefaulu: huitwa ya pili ikifaulu pasipo kuacha njia panda, au ikishindwa, au ikitupa hitilafu, au ikikatwa. Ikifaulu huku nyuma yake imebaki njia panda hata moja, Prolog, kwa haki kabisa, hukadiria kwamba huenda utarudi kuomba jibu la pili, nayo huliacha furushi wazi likikungoja.

Na njia panda hizo huzaliwa kwa wepesi wa ajabu. Huzaliwa na repeat isiyofungiwa na kikato. Huzaliwa na member/2 iliyokipata ikitafutacho katikati ya orodha. Huzaliwa na kanuni mbili za kupambanua picha na maandishi, ya kwanza ikipima mwisho wa jina na ya pili ikipokea jina lolote, pasipo mshale wala kikato cha kuzitenga. Kila moja ya hizo hutoa jibu sahihi, na usahihi wa jibu ndio unaolaza macho ya watazamaji.

Ishara yake ni nukta. Uliza swali lako mbele ya SWI-Prolog: kama hakuna njia panda iliyobaki, jibu hutoka true likiwa na nukta mwishoni, na alama ya swali jipya hurudi. Kama ipo, true hutoka bila nukta, na mashine hutulia ikingoja neno lako. Sasa angalieni afanyavyo mwanagenzi. Vidole vyake vimezoea. Hubonyeza Enter bila kufikiri. Kwa kubonyeza huko njia panda hutupwa, archive_close/1 huitwa papo hapo, fahirisi huandikwa, na aendapo kulitazama faili hulikuta zima, likifunguka kwa kila chombo. Mkono wake mwenyewe ndio uliolifunga furushi, na sifa akaipa programu. Hujaribu mara ya pili na ya tatu, kila mara akibonyeza, na kila mara akipata furushi zima. Kisha huitia programu ile ndani ya kubwa zaidi, ambayo baada ya kuandika hulituma furushi au hulisoma tena, na huko hakuna mtu wa kubonyeza Enter. Mstari unaofuata hukuta faili lisilo na fahirisi. Hapo ndipo mwanagenzi huilaumu diski, huilaumu libarchive, huwalaumu na watu wa Amsterdam, ilhali ila ilikuwa mbele ya macho yake tangu siku ya kwanza.

Tar nayo humalizikia kwenye kufunga, kwa vipande viwili vya baiti 512 vilivyo sifuri tupu. Lakini wasomaji wengi wa tar ni wapole, husamehe vipande hivyo visipokuwapo, na kwa sababu hiyo tar husitiri aibu. Ndiyo maana mimi sikubali mtu anionyeshe ustadi wake kwa tar. Alete zip.

Nilimjua fundi mmoja, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na desturi ya kuketi nyuma ya kijana bila kusoma hata mstari mmoja wa programu yake. Alingoja tu swali liulizwe, akatazama mwisho wa neno true, na nukta ilipokosekana alisema, “Bado hujamaliza, mwanangu,” akaenda zake. Vijana walimwona mkali. Wengi wao leo ni mafundi. Nilimjua pia mwingine aliyeipata siri ya nukta kwa kusikia, akaitumia kwa hila: kila programu yake aliizungushia once/1 kwa nje, hata nukta ikatoka daima, na wanaokagua wakapita wakisifu. Ni kweli kwamba furushi lilifungwa; lakini yeye hakujua alichokuwa akikikata, na siku programu ilipotakiwa kutoa majibu mawili ilitoa moja, bila kulalamika. Kwa hiyo kanuni ni hii: once/1 huwekwa karibu kabisa na njia panda inayoizima, wala haiwekwi mlangoni pa programu. Na juu ya kikato, kimoja katika kanuni ni adabu, viwili ni wasiwasi, vitatu ni kukiri kwamba mwandishi hajui njia zake zinapandia wapi. Wako watakaoniambia kwamba hayo ni mapendeleo yangu tu. Na waseme.

Kipimo cha tatu kinahusu ukubwa. Kichwa cha tar hutangulia data yake, basi ukubwa lazima utangazwe kabla ya baiti ya kwanza kuandikwa, na hutangazwa kwa baiti, si kwa herufi. Mwanagenzi huuhesabu kwa string_length/2, na maadamu anaandika Kiingereza kitupu hapati taabu. Aandike ng’ombe kwa ile alama iliyopinda, katika mkondo wa UTF-8, na ataona: herufi ni 7, baiti ni 9, na kwa kuwa ametangaza 7, mbili za mwisho hazina pa kukaa, kikabaki ng’om. Sisi tuandikao Kiswahili hatuna udhuru wa kutolijua hili.

Kipimo cha nne ni hadhari, kwa sababu furushi ni kitu kitokacho kwa watu, na katika watu wamo walaghai. Liko furushi mashuhuri liitwalo 42.zip, lenye kilobaiti 42, ambalo likifunguliwa lote, tabaka kwa tabaka, hufikia petabaiti 4.5, asiyepima kiasi afunguapo huzamisha mashine nzima. Yako majina ya ndani yaanzayo kwa nukta mbili na mkwaju, yaliyokusudiwa kuliandika faili nje ya saraka uliyoichagua; fundi huyakagua majina kabla ya kuyaamini. Na uko udanganyifu wa mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye mwaka 2021 aliipelekea libarchive badiliko dogo lililoondoa njia salama ya kuchapisha maneno na kuweka isiyo salama, likapokewa. Kisha kwa uvumilivu wa miaka akaaminiwa katika xz, akatia mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyemfichua Machi 2024, Andres Freund, hakuanza kwa kusoma programu. Alishangaa kwa nini kuingia kwa ssh kumechelewa takriban nusu sekunde. Huyo ndiye fundi ninayemsema: jambo dogo lililokaa pasipo mahali pake halimpiti.

Zamani macho ya namna hiyo hayakuwa adimu. Prolog ilipozaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Colmerauer na Roussel, na David Warren na wenzake wa Edinburgh walipoitia kikusanyaji juu ya DEC-10, kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu, na kila njia panda iliyosahauliwa ilikula sehemu yake mpaka programu ikafa. Waliojifunza kwa kitabu cha Clocksin na Mellish cha mwaka 1981 walizihisi njia panda zao kwa sababu zilikuwa zikiwauma. Leo kumbukumbu ni tele, njia panda haiumi, na kizazi kizima kimelelewa kikibonyeza Enter. Siwachukii vijana, na vyombo vyao ni bora kuliko vyetu. Walakini wingi wa neema umewanyima mwalimu ambaye sisi dhiki ilitupa bure.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa kazi ya furushi uisifu, usianze kwa kuhesabu mistari wala kwa kustaajabia majina. Mwambie mwenye kazi aandike swali moja lenye koma katikati: kabla ya koma aite programu yake iandike zip, na baada ya koma alifungue faili lilelile na kuorodhesha vilivyomo kwa archive_entries/2, mikono yake ikiwa mbali na kibao cha herufi mpaka jibu litoke. Majina yote yakitokea, msifu kwa sauti kubwa, kwa maana anastahili. Yasipotokea, mrudishie kazi yake akaimalize.