Zaidi ya Shingo Ndefu: Uhakiki wa Taswira ya Jeanne Hébuterne Iliyochorwa na Amedeo Modigliani

1.0 Utangulizi

Makala hii inahakiki taswira ya Jeanne Hébuterne akiwa amevaa sweta la manjano, iliyochorwa na Mwitaliano Amedeo Modigliani kati ya 1918 na 1919. Ni mchoro wa rangi za mafuta juu ya turubai yenye kimo cha sentimita 100, na umehifadhiwa katika Makumbusho ya Guggenheim, New York. Wahakiki wengi huufasiri kwa njia mbili: ama kama dalili ya msiba, ama kama mwangwi wa kinyago cha Kiafrika. Hoja yetu ni kwamba fasiri zote mbili hutolewa kabla jicho halijatazama, na kila moja humfuta mtu.

2.0 Fasiri ya Msiba

Modigliani alifariki Paris tarehe 24 Januari 1920 kutokana na kifua kikuu kilichoshambulia utando wa ubongo. Jeanne, mjamzito mwenye umri wa miaka 21, alijiua muda mfupi baadaye. Hata hivyo, tukio la 1920 haliwezi kuwa ushahidi wa kilichochorwa kabla yake. Turubai yenyewe inaonesha mwanamke aliyeketi, mikono imetulia mapajani, kichwa kimeinama kidogo upande. Sweta ni zito, na kola yake nene inaibeba shingo kama kitako kinavyobeba nguzo. Huo ni utulivu wa mtu aliyekubali kutazamwa, si wa mtu anayesubiri mauti.

Aidha, fasiri hii husahau kwamba Jeanne mwenyewe alikuwa mchoraji. Alisoma katika chuo cha Académie Colarossi jijini Paris, na kazi zake zipo. Kumwita "mpenzi wa msanii" pekee ni kumpokonya taaluma yake.

3.0 Fasiri ya Kinyago

Ni kweli kwamba Modigliani aliviona vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro. Ni kweli pia kwamba alikuwa mchongaji kabla ya kurejea kwenye brashi: mwaka 1912 alionesha vichwa vya mawe katika Salon d'Automne. Uso mwembamba, pua ndefu na mdomo mdogo vinakumbusha vinyago vya Wabaule na Waguro wa Cote d'Ivoire. Lakini msanii huyu alizaliwa Livorno, akasoma Florence na Venice, kisha akahamia Paris mwaka 1906. Florence ndiko aliko Bikira Maria mwenye shingo ndefu, kazi ya Parmigianino wa karne ya 16. Shingo ya Jeanne ina wazazi zaidi ya mmoja.

Tatizo, basi, si kuitaja Afrika, bali ni namna inavyotajwa. Parmigianino hutajwa kwa jina. Mbaule aliyechonga hubaki "Afrika". Mmoja huhesabiwa kuwa msanii, mwingine malighafi.

4.0 Lugha ya Uhakiki

Kiswahili kina hazina ya kusifu uzuri: shingo ya twiga, macho ya gololi. Hazina hiyo inafaa kupima mchoro huu kwa sababu inaonesha mahali unapokataa kusifu. Picha za kamera zinamwonesha Jeanne mwenye shingo ya kawaida. Kwa hiyo urefu ule ni uamuzi wa mchoraji, si sifa ya mwili. Macho nayo hayana mboni. Gololi hung'aa, macho haya yamejazwa rangi ya samawati iliyopoa, hivyo mtazamaji anatazama bila kutazamwa. Hapo ndipo nguvu ya mchoro ilipo, na ndipo pia unapotia shaka: mwanamke aliyefahamu kazi ya kutazama amechorwa bila uwezo wa kuona.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki unaoanzia kwenye turubai humrudishia Jeanne taaluma yake, na humrudishia mchongaji wa Afrika hadhi ya msanii. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, maelezo ya Kiswahili katika makumbusho yetu na vitabu vya sanaa yataje jamii iliyochonga kila kinyago, na jina la mchongaji pale linapojulikana. Pili, mitaala ya sanaa ifundishe kueleza kinachoonekana kabla ya kusimulia maisha ya msanii. Anayeanza na hadithi huona hadithi tu.